Kigoma hadi Dar kwa ndege: kilomita ni zile zile, kwa nini muda haufanani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Ujiji. Tulipofika mada ya dunia kama tufe, niliwapa vijana wa kidato cha nne kazi ya kutafuta umbali wa Kigoma hadi Dar es Salaam kwa ndege. Wamepata kilomita 1,052. Kikokotoo cha mtandaoni kinasema kilomita 1,077 na muda wa saa 1 na dakika 20. Reli tunajua ni kilomita 1,250 na ushei. Lakini tiketi ya mama yangu, anayekwenda kliniki ya macho Dar kwa ndege inayopitia Tabora, inaonyesha saa 2 na dakika 50, na mimi mwenyewe niliwahi kurudi kutoka Dar moja kwa moja kwa dakika chache pungufu ya saa 2, ndege ikiwa ya aina ile ile ya pangaboi. Kijana mmoja akasema ni kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, hivyo Dar inaikimbia ndege. Nani yuko sahihi? Na miadi ya mama niipange saa ngapi?

Jibu: Mwalimu, nakuandikia kutoka Tabora, hapo hapo ndege ya mama itakapotua njiani. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupanga safari za ndege: njia ipi ifuatwe, mafuta kiasi gani, abiria na mizigo wasizidi uzito gani. Kwa hiyo swali lako limenigusa.

Nikupe majibu kwanza. Umbali wa 1,077 ni sahihi. Vijana wako wamepungukiwa kilomita 25, na nimeona zilipopotelea. Saa 2 na dakika 50 za kwenye tiketi ziamini. Saa 1 na dakika 20 za kikokotoo usizipangie jambo lolote. Kijana wa dunia inayozunguka hayuko sahihi, lakini usimnyamazishe, kwa sababu swali lake ni zuri na lina jibu zuri. Habari ya mama nitaifikia.

Tuanze na hesabu ya darasani. Kiwanja cha ndege cha Kigoma kiko nyuzi 4 na dakika 53 kusini, nyuzi 29 na dakika 40 mashariki. Kiwanja cha Julius Nyerere, yaani kile cha Dar, kiko nyuzi 6 na dakika 53 kusini, nyuzi 39 na dakika 12 mashariki. Vijana wako, naona, walichukua tofauti ya longitudo kuwa nyuzi 9 na nusu, wakazidisha kwa 60, wakazidisha tena kwa kosini ya nyuzi 5, wakapata maili za baharini 568, ambazo ni kilomita 1,052. Hesabu hiyo haina kosa lolote kama miji miwili iko kwenye latitudo moja, na mifano ya vitabuni mara nyingi huwa hivyo ili kurahisisha. Lakini Dar iko chini ya Kigoma kwa nyuzi 2 kamili. Walikwenda mashariki, wakasahau kushuka kusini.

Kurekebisha ni rahisi, na unaweza kulifanya ubaoni kesho. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 9 na dakika 32, yaani dakika 572. Tafuta latitudo ya katikati ya miji hiyo miwili, nayo ni nyuzi 5 na dakika 53. Kosini yake ni 0.9947. Zidisha, utapata maili za baharini 569 za kwenda mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 120, na kila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kwa hiyo hizo ni maili 120 za kushuka kusini. Sasa una pembetatu mraba. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande mrefu ni maili 581 na nusu. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Zidisha: kilomita 1,077.

Onyo moja kwa vijana: njia hii inakubali hapa kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta na umbali si mkubwa, kwa hiyo mviringo wa dunia hauna nafasi ya kutuvuruga. Wakiitumia kwa Dar na London watapotea. Huko lazima wafuate duara kuu, ile njia fupi kuliko zote juu ya tufe, na kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda. Kati ya Kigoma na Dar, ukifuata duara kuu au ukishika mwelekeo mmoja wa dira tangu mwanzo hadi mwisho, tofauti haifiki hata mita 100. Tovuti nyingine zikikupa 1,085 au zaidi, usishangae. Hizo zimepima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, wakati kiwanja cha Kigoma kiko upande wa mashariki wa mji na kile cha Dar kiko magharibi mwa Posta, katikati ya jiji. Viwanja vinasogeleana kuliko miji yenyewe.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye mstari wenyewe, maana watu wengi wanaupita juu kwa juu bila kujua umepita wapi. Chukua rula, uilaze kwenye ramani ya Tanzania kutoka Kigoma hadi Dar. Utapita kaskazini kidogo ya Uvinza, penye chumvi. Utakata misitu ya miombo hadi jirani na Sikonge. Utapita kusini kidogo ya Manyoni. Kisha utapita juu ya Dodoma, na nasema juu yake kweli, kwa sababu mstari huo na katikati ya jiji vimeachana kwa kilomita chache mno. Baada ya hapo Morogoro inabaki kusini kwa kama kilomita 30, na Kibaha inakukaribisha Dar.

Uvinza, Manyoni, Dodoma: hivyo ni vituo vya Reli ya Kati. Wajerumani walipoifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, walikuwa wanafuata kwa karibu njia ambayo misafara ya Wanyamwezi ilikuwa imeikanyaga muda mrefu kabla yao kati ya pwani, Tabora na Ujiji. Wapagazi hawakuwa na setilaiti, lakini waliijua nchi: maji yako wapi, chakula kinauzwa wapi, mlima gani uzungukwe. Kilomita 1,250 za reli dhidi ya 1,077 za ndege ni ongezeko la karibu asilimia 16 tu. Kwa njia ya ardhini inayopanda kutoka pwani hadi uwanda wa juu, kisha ikashuka hadi ziwani, huo ni unyoofu wa kushangaza. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, na hawakupasua njia mpya, walipelekwa kwenye njia ya wenyeji. Ningependa vijana wa Ujiji walijue hilo wanapofanya hesabu hii, kwa sababu hesabu yenyewe inalithibitisha.

Turudi kwenye tiketi. Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni Tabora: kwamba ndege inazunguka. Haizunguki. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kilomita 351, na kutoka Tabora hadi Dar ni kilomita 732. Jumlisha: 1,083. Kupitia Tabora kunaongeza kilomita 6 tu, ingawa Tabora iko kama kilomita 50 kaskazini mwa ule mstari. Waulize vijana kwa nini kutoka nje ya njia kwa kilomita 50 kunagharimu kilomita 6 peke yake. Jibu wanalo kwenye pembetatu ile ile: ukiwa na upande mrefu sana na upande mfupi, upande wa tatu hauzidi ule mrefu kwa mengi. Kwa ndege, kilomita 6 ni chini ya dakika moja.

Kwa hiyo dakika zinaliwa wapi?

Kwanza, aina ya ndege. Kikokotoo kilichokupa saa 1 na dakika 20 kimegawa 1,077 kwa kilomita 800 kwa saa, kikaishia hapo. Mwendo huo ni wa jeti ikiwa tayari imeshika anga ya juu. Kwenye mikoa yetu Air Tanzania hutumia sana Dash 8 Q400, ndege ya abiria 76 yenye pangaboi mbili, na kwa safari ndefu zaidi ina Airbus A220, jeti ya abiria 132. A220 hupaa kwa zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Q400 ikisukumwa hadi mwisho hukaribia 670, lakini katika safari za kawaida weka 600 na kitu, kwa sababu mafuta yanayochomwa kupata kilomita za mwisho za mwendo hayalipi. Kwa mwendo wa 600, kilomita 1,077 ni saa 1 na dakika 48, na hapo bado hatujaruka wala kutua.

Pili, muda wa tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Huhesabiwa tangu kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu maegeshoni hadi zinapowekwa tena upande wa pili. Ndani yake kuna kutembea ardhini hadi kwenye barabara ya kurukia, kupanda hadi futi elfu 20 na zaidi kwa mwendo ulio chini ya ule wa juu, kushuka, kujipanga foleni ya kutua Dar, na kutembea tena hadi maegeshoni. Barabara kuu ya kurukia ya Dar imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na upepo wa saa hiyo ndio unaoamua ndege iingilie upande gani. Siku nyingine mnaingia moja kwa moja mkitokea bara, siku nyingine mnazungushwa kwanza. Kwa Q400 ongeza dakika 15 kwa haya yote kwa siku tulivu. Ikitokea foleni Dar, ongeza zaidi.

Tatu, kusimama hapa kwetu. Nikueleze kinachotokea, kwa sababu abiria aliyekaa dirishani huona ndege imesimama tu na kudhani watu wamelala. Kama kilomita 90 kabla ya Tabora, marubani huanza kushusha ndege, na mwendo unapunguzwa. Kiwanja chetu kiko mita 1,180 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndege ikisimama, pangaboi zikaacha kuzunguka, mlango unafunguliwa na abiria wa Tabora wanashuka. Wanaoendelea Dar wanabaki vitini, na mhudumu anawahesabu, kwa sababu idadi lazima ilingane na karatasi. Nyuma, vijana wa mizigo wanatoa mabegi ya Tabora bila kugusa ya Dar, wanaingiza mapya. Boksi la dagaa la Kigoma lililowekwa mbele ya begi la mtu wa Tabora linaweza kula dakika tano zima likihamishwa. Wakati huo karatasi ya uzito inaandikwa upya: watu wangapi, wamekaa wapi, mizigo kilo ngapi, mafuta yaliyobaki kiasi gani, na uzito wote umeegemea mbele au nyuma. Rubani haondoki mpaka aisome na kuitia sahihi. Hapo hakuna mtu anayechezea muda.

Na kuna jambo ambalo mtu wa pwani hahangaiki nalo kama sisi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua kali la mchana huifanya nyepesi zaidi. Hewa nyepesi hubeba kidogo: mabawa yanainua kidogo, injini zinavuta kidogo, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kuruka. Septemba na Oktoba, jua la Tabora likiwa kali, mpangaji wa safari huweza kulazimika kupunguza mzigo. Begi likibaki hadi safari inayofuata, mara nyingi sababu huwa hiyo.

Ukijumlisha, kusimama ardhini ni dakika 25 hadi 30, na kushuka na kupanda kwa mara ya pili kunakula kama dakika 15. Hiyo ni robo tatu ya saa ambayo haina uhusiano wowote na kilomita.

Nne, upepo. Hapa ndipo panapojibu kwa nini ulirudi Kigoma upesi. Ndege huogelea ndani ya hewa, na kama hewa yenyewe inasogea, ndege husogezwa nayo. Huku kwetu karibu na ikweta, pepo za kimo cha kilomita sita au saba mara nyingi hutoka mashariki. Si kali kama zile za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, lakini zipo. Kule kwao ni kinyume: mito ya upepo wa juu inavuma kutoka magharibi, ndiyo maana safari ya London kwenda New York ni ndefu kuliko ya kurudi. Mtanzania akisoma hayo mtandaoni hudhani na hapa kwenda mashariki ndiko kwepesi. Hapa anayekwenda Kigoma ndiye anayesukumwa mgongoni, na anayekwenda Dar anapigwa usoni.

Weka namba. Upepo wa kilomita 30 kwa saa kutoka mashariki, ndege ya kilomita 600 kwa saa. Kwenda Kigoma, ardhi inapita chini yako kwa 630, na kilomita 1,077 zinakwisha kwa dakika 103. Kwenda Dar, inapita kwa 570, zinakwisha kwa dakika 113. Tofauti ni dakika 10 na upepo ni mdogo tu. Ongeza zile 15 za kuruka na kutua: Dar–Kigoma moja kwa moja inakuwa saa 1 na dakika 58, ndiyo ile yako ya pungufu ya saa 2. Kigoma–Dar moja kwa moja inakuwa saa 2 na dakika 8 hivi. Ongeza kusimama Tabora, na utafika kwenye saa 2 na dakika 50 za mama. Hakuna dakika iliyopotea pasipojulikana.

Pepo za juu hubadilika, kuna siku hulala kabisa na kuna siku hugeuka. Kila safari hupangwa kwa utabiri wa siku hiyo, na mafuta huwekwa ya kutosha kufika, kusubiri angani, na kukimbilia kiwanja kingine ikibidi.

Sasa kijana wako. Mwambie afanye hesabu kabla ya kuambiwa amekosea. Dunia ina mzingo wa kama kilomita 40,000 na inazunguka mara moja kwa saa 24. Kwa hiyo ardhi ya ikweta inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na hapa kwetu ni pungufu kidogo tu ya hapo. Kama Dar ingekuwa inaikimbia ndege kwa mwendo huo, Q400 yenye 600 isingeifikia Dar milele. Na ukiruka juu hapo uwanjani Ujiji ukakaa angani nusu sekunde, ungetua mita mia mbili na ushei upande wa ziwani. Hayo hayatokei kwa sababu hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo, kama mtu anayetembea kwenye korido ya behewa: kwenda mbele au kurudi nyuma hatua zake ni zile zile, treni ikiwa inakwenda mwendo wowote. Kinachobaki kuleta tofauti ni hewa inayokwenda kasi au polepole kuliko ardhi iliyo chini yake, na hiyo ndiyo tunayoiita upepo. Kijana alikuwa ameshika ncha sahihi ya kamba, ila hakuivuta hadi mwisho.

Lakini mzunguko wa dunia una kazi moja kwenye safari hii, na atafurahi kuijua. Nyuzi 9 na dakika 32 za longitudo, kwa dakika 4 za saa kwa kila nyuzi, ni dakika 38. Jua la Dar linatangulia la Kigoma kwa karibu dakika hizo 38, ingawa saa za ukutani ni zile zile kwa sababu nchi nzima tunatumia saa moja ya Afrika Mashariki. Saa hiyo imefungwa kwenye longitudo ya 45, ambayo iko mbali huko baharini, mashariki ya Dar. Ndiyo maana Kigoma kunachelewa kupambazuka na kunachelewa kuchwa. Ukivuka kwenda Bujumbura, kilomita 178 tu kwa ndege kutoka Kigoma, saa zinarudi nyuma saa nzima: utaondoka saa 4 asubuhi na utafika saa yao inaonyesha saa 3 na kitu. Tiketi huandika saa ya mahali, ya kuondokea na ya kufikia, na mtu akitoa moja kwa nyingine bila kukumbuka hilo atapata muda wa ajabu.

Msimu wa mvua nao una mchango wake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu ya radi hupanda juu sana, na marubani huyapita mbali, kilomita 30 au 40 pembeni. Abiria hudhani mzunguko huo ndio unaochelewesha. Kwa pembetatu yetu, kutoka kilomita 40 nje ya mstari katikati ya safari kunaongeza kilomita 3. Kinachochelewesha ni wingu lililokaa juu ya kiwanja chenyewe. Hapo ndege inazungushwa angani ikisubiri, au inabaki Tabora mpaka Kigoma pafunguke, au haiondoki kabisa. Alasiri za mvua ndizo mbaya zaidi, asubuhi huwa na nafuu.

Nifike kwa mama. Tiketi inayosema saa 2 na dakika 50 inamaanisha muda wa kabari hadi kabari. Ongeza kufika kiwanja cha Kigoma mapema, weka saa 2 kabla. Ongeza nusu saa ya kusubiri begi Dar. Ongeza foleni ya Barabara ya Nyerere, na hiyo wewe unaijua kuliko kikokotoo chochote. Safari ya mlango hadi mlango inakuwa saa 6 hadi 7 kwa siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Ndege ikichelewa Tabora, au isipokuja siku hiyo, hakuna ya saa inayofuata kama kwenye mabasi ya Mwanza. Kwa hiyo miadi iwe kesho yake, tena asubuhi, mama akiwa amelala na kupumzika. Kama kliniki imempa tarehe isiyobadilika, awahishe safari, asisogeze kliniki.

Kwa sababu atashuka mara mbili, Tabora na Dar, masikio yataziba mara mbili. Apewe pipi ya kunyonya, na asiwe amelala wakati ndege inashuka. Mhudumu anaweza kuombwa amwamshe. Kama miguu inamsumbua, omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, usingoje siku ya safari. Q400 hupandwa kwa ngazi fupi za mlangoni, zina mshikio, lakini ni nyembamba.

La mwisho linahusu kurudi, na naomba usilipuuze kwa kuwa ni la macho. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa hadi kulingana na ya mlima wa karibu mita 2,400. Upasuaji wa kawaida wa mtoto wa jicho hauwekewi gesi. Lakini mtu aliyerekebishwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mara nyingine huachiwa gesi ndani ya jicho, na gesi hiyo hutanuka ndege inapopanda, inabana jicho kwa ndani, na inaweza kumpofusha. Huchukua wiki kadhaa kuisha. Wala mtu asimshauri kwamba badala yake apande treni au basi: Dar iko usawa wa bahari na Reli ya Kati inapanda kupita mita 1,100 kabla ya kufika kwenu, na gesi haijui kama imepandishwa na ndege au na behewa. Kwa hiyo tiketi ya kurudi msiikate leo. Kama mama atapasuliwa, akitoka chumba cha upasuaji amuulize daktari maswali mawili: nimewekewa gesi, na kama ndiyo, lini naruhusiwa kupanda kwenda mahali pa juu. Tarehe atakayopewa ndiyo ya kukatia tiketi.